Walipata Nini Puani Mwangu?

Kambu ni mji wa kupitwa. Ukiwa kwenye basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, umeupita mara nyingi ukiwa umelala: taa chache, malori yameegeshwa kando ya barabara, moshi wa nyama choma, halafu giza tena hadi Mtito Andei. Mimi nimezaliwa hapa, na nilirudi hapa baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Siku hizi naandika chochote kinacholipiwa, na mara moja moja, kama leo, naandika kitu kinachoninyima usingizi.

Jirani naye alirudi. Nitamwita Jirani kwa sababu ua wa kwao na wetu ni mmoja, na kwa sababu jina lake si langu kuligawa. Aliondoka akiwa utingo wa lori, akateremkia Mombasa, akakaa huko miaka sita. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikuwa akivaa shati la mikono mirefu saa nane mchana. Ukiijua Kambu unajua jua la saa nane lilivyo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kila mtu alijua. Neno la mtaani ni teja, na likishamkaa mtu halimtoki hata akiacha unga.

Jioni moja alinikuta nyuma ya kibanda cha nyama, akaketi juu ya kreti ya soda.

"Profesa," akasema. Alianza kuniita hivyo siku niliyoenda chuo, na hata nilipoacha chuo yeye hakuacha. "Si wewe ulisoma mambo ya vijidudu?"

"Miaka miwili tu, bro."

"Inatosha."

Akakunja mkono wa shati. Chini kidogo ya kiwiko kulikuwa na jipu lililopasuka likawa donda, kingo zimevimba, harufu unaisikia ukikaribia. Lakini hakuniuliza kuhusu donda. Alinieleza kwamba mwaka mmoja kabla hajarudi, watu walikuja maskani kwao Mombasa na vijiti vya pamba. Wakamweleza kazi yao, akatia sahihi, wakamchokora pua zote mbili, kisha wakapitisha kijiti kingine kwenye kidonda alichokuwa nacho wakati huo. Walisema wanatafuta bakteria sugu, wale wasiosikia dawa. Wakampa soda na nauli. Hawakurudi. Hakukumbuka walitoka wapi, na hata angekumbuka nisingewataja hapa.

"Sina shida nao," akasema. "Walikuwa wapole. Nataka tu kujua walipata nini puani mwangu."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na katika kulitafuta nimeona kwamba swali lake halimalizwi na maabara. Ukimpima mtu, unakuwa na deni gani kwake?

*

Tuanze na kilichokuwa kikitafutwa.

Kuna bakteria anayeitwa stafilokokasi. Karibu watu watatu kati ya kumi wenye afya njema wanaye puani, na wengi wao hawatajua maisha yao yote. Anakaa kimya. Shida huanza akipata mlango: mkwaruzo, kidonda, tundu la sindano. Hapo anaweza kuleta jipu. Akiingia kwenye damu anaweza kufika hadi kwenye vali za moyo, na hapo mambo ni ya kufa na kupona. Penisilini ilipoanza kumshindwa, wanasayansi walitengeneza dawa mpya iitwayo methisilini. Ilianza kutumika Uingereza karibu na mwaka 1960. Kufikia 1961, Uingereza huko huko, ilikuwa imeripotiwa kwamba kuna stafilokokasi asiyeisikia. Huyo ndiye madaktari wanamwita MRSA.

Mtu anayejidunga ana milango mingi mwilini. Ngozi inatobolewa mara kadhaa kwa siku, sindano inatumika tena na tena, maji ya kuchanganyia ni yale yaliyopatikana, na watu wanalala wamebanana mahali pamoja. Ongeza hospitali, ongeza rumande. Ongeza pia vidonge anavyojinunulia mwenyewe kwa sababu anaogopa kwenda kliniki. Ukitaka kumlea bakteria sugu, huwezi kumjengea nyumba nzuri kuliko hiyo.

Hili limeonekana kwingine zamani. Huko Detroit, Marekani, mwaka 1980 na 1981, MRSA ilizuka nje ya hospitali, na wengi wa walioipata walikuwa watu wanaojidunga. Miaka mingi baadaye, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitoa hesabu yake: katika maeneo iliyokuwa ikiyafuatilia, anayejidunga alikuwa na uwezekano mara 16 zaidi ya mtu mwingine wa kupata MRSA iliyoingia ndani ya mwili. Kwa hivyo waliokuja na vijiti vya pamba hawakuwa wakipiga ramli. Walikuwa na sababu.

Na hapa kwetu sababu ipo. Heroini imekuwa pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980. Mwanzoni wengi waliivuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 unga mweupe ulipochukua nafasi ya ule wa kahawia, wengi wakahamia sindano. Serikali ilipokuja kuhesabu, ilikadiria kwamba karibu watu 18 kati ya kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI. Ndipo zikaanza programu za kugawa sindano safi, na Desemba 2014 methadoni ikaanza kutolewa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Hizo ni hatua kubwa, na kuna watu walizipigania kwa miaka. Lakini tazama: tulihesabu virusi. Donda lenyewe, lile linalonuka, lile ambalo Jirani analificha kwa shati, ni nani aliyelihesabu?

*

Kwa hivyo wacha niseme kwanza neno la kuwatetea wapimaji, kwa sababu ni rahisi kwa mtu kama mimi kukaa kwenye kreti na kulaumu.

Mwaka 2019 pekee, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria walioambukizwa hawakusikia dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Daktari anayemtibu mtu kwa kubahatisha, akampa dawa ambayo bakteria wake aliizoea kitambo, anampotezea siku ambazo pengine hana. Kujua ni silaha. Na kutowapima mateja kabisa, kusema tu "hao wameshajiharibu", ni dharau mbaya kuliko kijiti cha pamba puani. Anayekupima, angalau, amekubali kwamba una mwili.

Wazee wetu wana msemo: mficha maradhi kifo humuumbua. Tumeusikia sana enzi za UKIMWI, kwenye mabango na kwenye mazishi. Nimemsikia hata mama yake Jirani akimwambia mwanawe, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, aache kuficha mkono. Nilikuwa nikiona ni msemo usio na upande wa pili.

Lakini Jirani hakuficha. Alitoa pua, akatoa kidonda, akatia sahihi. Matokeo ndiyo yaliyofichwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Nani hapo mficha maradhi?

*

Kuna jambo linalotokea tukiambiwa kwamba kundi fulani la watu limebeba kitu hatari. Tunaacha kuuliza "wanaumwa?" na kuanza kuuliza "watatuambukiza?" Ni hatua ndogo, na Kenya tumeshaipiga zaidi ya mara moja.

Agosti 2010, huko Kapsabet, wanaume waliokuwa wakiugua kifua kikuu walipelekwa mahakamani kwa kuacha dawa. Hoja haikuwa ya kijinga: anayeacha dawa za kifua kikuu katikati anaweza kulea bakteria sugu na kuwaambukiza wengine. Mahakama ikaamuru wafungwe gerezani hadi miezi minane. Fikiria: gerezani, mahali ambapo watu wamejazana na hewa ni ndogo, ndipo apelekwe mgonjwa wa mapafu ili kulinda umma. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba.

Mwaka 2015 ilikuja amri ya rais kwamba ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nia ilisemwa kuwa ni kupanga huduma. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, hiyo ni kuvunja haki yao ya faragha. Na serikali ilipotaka kutumia alama za vidole katika utafiti wa watu wanaojidunga na makundi mengine yanayosakwa na sheria, wenyewe walikataa. Kwani wewe ungekubali? Sheria inayoharamisha unga ni ya serikali. Hospitali ni ya serikali. Kidole chako kikishaingia kwenye kompyuta, unajuaje ni mkono gani wa serikali utakaokisoma?

Sisemi wapimaji ni polisi. Nasema anayepimwa ana sababu ya kutazama mlangoni. Ridhaa yake si sahihi tu kwenye karatasi. Mtu mwenye arosto, aliyeahidiwa nauli ya mia mbili tatu, atatia sahihi chochote. Si kwamba akili hana. Ana shida ya saa hiyo, na karatasi yako ni ya mwaka kesho.

*

Sasa nije kwangu, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alipokea Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake alitoa mfano wa bwana mmoja wa kufikirika. Bwana huyo anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, haitoshi kuua bakteria, inatosha tu kuwafunza kuizoea dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Fleming akauliza: ni nani wa kulaumiwa kwa kifo cha yule mama? Jibu lake lilikuwa bwana, na uzembe wake.

Nilipousoma mfano huo mara ya kwanza, chuoni, sikumwona teja. Wala leo simwoni. Namwona mtu wa kawaida mwenye hela kidogo mfukoni na duka la dawa karibu. Yaani namwona mimi.

Mafua yakinishika naenda kwenye duka la dawa nanunua Amoxil. Si dozi, ni vidonge sita, kwa sababu hela ni ya vidonge sita. Siku ya tatu nikijisikia vizuri, vilivyobaki naviweka kwenye kikombe juu ya kabati, na dada yangu akiumwa jino anavimaliza. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na nilisoma bayolojia. Mafua yenyewe huletwa na virusi, Amoxil haiyagusi. Na wafugaji wa kuku wanaochanganya antibiotiki kwenye maji ili kuku wasife kabla ya sikukuu, nao wamo. Hakuna aliyekuja kwetu na kijiti cha pamba. Pua zetu ni za watu wa heshima.

Bakteria aliye puani mwa Jirani, kama yupo, hakuzaliwa kwenye sindano. Alifunzwa na sisi sote, mezani, dukani, shambani, hospitalini. Kisha akapata mlango kwa yule ambaye ngozi yake iko wazi. Tukimkuta kule tunasema ametokea kule. Ni kama kumlaumu mwenye paa bovu kwa mvua.

Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na wakisema hivyo wanamtafuta yule mmoja. Lakini hapa maji ndiyo yaliyoharibika kwanza.

*

Basi tufanyeje? Tusipime?

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Wilson na Jungner kuhusu masharti ya kuwapima watu ambao hawajaja wenyewe kulalamika. Masharti ni kama kumi hivi, na mawili hayajanitoka kichwani: kuwe na tiba inayokubalika kwa utakayemkuta na ugonjwa, na kuwe na mahali pa kumtibia. Kwa maneno mengine, usibishe hodi kama hukubeba kitu.

Mtafiti ataniambia kwamba utafiti si huduma, kwamba yeye anatafuta picha ya watu wengi, si kumtibu mmoja, na kwamba tukingoja hadi kila zahanati iwe na maabara ya kuotesha bakteria hatutajua chochote na watu wataendelea kufa. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuiondoa kwa mkono. Bila takwimu, hakuna bajeti. Kuna watu wengi wako hai leo kwa sababu mtu fulani alihesabiwa kabla yao.

Lakini hebu iweke hoja hiyo Kambu. Methadoni hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Kliniki zinazoitoa ziko Nairobi, na ziko pwani. Kutoka hapa Nairobi ni kama kilomita 200, na Mombasa ni mbali zaidi. Kwa hivyo Jirani, alipoamua kurudi kwao apone, aliamua pia kukosa dawa. Na MRSA ikimwingia kwenye damu, mojawapo ya dawa zinazotegemewa ni vankomisini, inayopitishwa kwenye mshipa kwa siku nyingi kitandani. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba ana bakteria sugu, na huna la kuongeza, umempa nini zaidi ya jina la pili baya? Alikuwa teja. Sasa ni teja mwenye kitu kisichotibika.

Ila si kweli kwamba hakitibiki, na hili ndilo lililonishangaza. Jipu la aina ile, hata likiwa la bakteria sugu, tiba yake ya kwanza ni kulipasua vizuri, kutoa usaha na kulisafisha. Kisu safi, maji ya chumvi, bandeji, na mtu asiyekunja pua. Havihitaji mabilioni. Na sindano safi huzuia jipu linalofuata.

Hapo ndipo nilipofika. Kumpima mtu ni ahadi. Si lazima iwe ahadi kubwa ya kumponya kila kitu. Inaweza kuwa ndogo sana: nitalisafisha donda kabla ya kulichukulia sampuli. Nitakurudishia jibu wewe kwanza, kwa lugha unayoielewa, kabla sijalipeleka kwenye mkutano. Jibu litatumika kuchagua dawa yako, si kukufungia mlango wa wodi. Jina lako halitatoka. Ukikataa, donda bado nitalisafisha. Mtu akiweza kutimiza hayo, na apime, na aje Kambu tumwonyeshe njia. Asipoweza, basi aite kazi yake kwa jina lake: anachukua kitu kutoka kwa mtu ambaye hana kingi, kwa faida ya watu ambao hatakutana nao. Wakati mwingine hata hilo linaweza kuwa haki. Lakini aombe kama anayeomba, asije kama anayetoa.

Na wakipima, wapime na sisi. Pua yangu ipo.

*

Kliniki ya kwanza tuliyoenda na Jirani, na siitaji, walimtazama mkono wakamwambia daktari ametoka. Tulimwona daktari dirishani. Jirani alicheka, akavuta mkono wa shati chini.

Ya pili tulimkuta muuguzi mmoja, mama wa makamo. Jirani akaanza kujieleza, kwamba zamani alikuwa anatumia, kwamba sasa anajaribu.

"Hayo utaniambia baadaye, mwanangu," akasema yule mama. "Weka mkono hapa kwenye mwanga."

Alivaa glavu, akalipasua, akalikamua, akaliosha. Jirani alilia kwa sauti, na mama akaendelea kuosha huku akimuuliza habari za mama yake. Akamwambia arudi kila siku kwa siku saba kubadilisha bandeji. Alipoulizwa kuhusu kupima bakteria, akasema hapo hawana maabara ya kuotesha. Akaandika kwenye kitabu kidogo cha wagonjwa kwamba lisipopona kwa wiki moja apelekwe hospitali kubwa, sampuli ichukuliwe kabla ya kubadilisha dawa. Kisha akamsomea alichoandika, neno kwa neno.

Donda limefunga sasa, limebaki kovu. Sijui kama Jirani ataacha unga kabisa. Siku nyingine namwona na siku nyingine simwoni. Juzi alipita kwetu kuazima jembe.

"Profesa," akasema, "bado hujajua walipata nini?"

"Bado."

"Ukijua utaniambia?"

"Wewe kwanza," nikamwambia.